Namna ya Kukimbia Digodigo Bila Kufukuzwa na Mtu

Kiswahili chenyewe hakimwamini mtu anayekimbia hivi hivi. Mtu hukimbia chui, hukimbilia basi, hukimbiza mbuzi aliyeingia shamba la jirani, au hukimbiwa na mkewe. Mbio zote zina mtu au kitu upande wa pili. Sasa wewe umeamka alfajiri, umevaa kaptula, umetoka. Huna unachokikimbia, hukimbilii popote, na mbele yako hakuna mbuzi. Unaondoka nyumbani kwako, na baada ya saa nzima unarudi nyumbani kwako, umelowa jasho, mikono mitupu. Mjini watakuita mwanamichezo. Digodigo watakuuliza kwanza kama nyumbani wako salama.

Digodigo iko Wilaya ya Ngorongoro, mkoani Arusha, katika nchi ya Wabatemi, ambao vitabu vya zamani na majirani huwaita Wasonjo. Ni nchi ya vilima vikavu vya mawe, na chini yake mashamba ya mtama, mahindi na maharage yanayonyweshwa kwa mifereji. Kila unayekutana naye njiani ana jambo lake: jembe begani, dumu kichwani, mbuzi mbele. Mimi nililetwa na barua ya uhamisho. Pamoja na barua nilikuja na presha, kitambi cha heshima na raba mpya. Haya yafuatayo nimejifunza kwa miguu yangu mwenyewe, na ninawaachia walimu, wauguzi, maofisa ugani na vijana wanaorudi likizo wakiwa na viatu vya rangi ya embe bivu.

Hatua ya kwanza: Tafuta sababu kabla hujatafuta viatu

Asubuhi yangu ya kwanza sikuwa nimemaliza hata nusu kilomita. Kando ya mfereji alikuwapo bibi mmoja, anafungua maji kwa jembe yaingie kwenye mahindi. Aliponiona naja mbio akasimama, akatazama nyuma yangu, kisha akatazama mbali zaidi nyuma yangu.

"Mwanangu, kuna nini huko?"

"Shikamoo bibi. Hakuna kitu, nafanya mazoezi."

"Marahaba. Mazoezi ya nini?"

"Ya mwili tu, bibi. Nipunguze hiki kitambi."

Akakitazama kitambi kwa muda mrefu kuliko adabu inavyoruhusu, kisha akaninyooshea mpini. "Basi shika. Na hili nalo linapunguza."

Nikacheka, nikaendelea. Mbele kidogo vijana wawili walikuwa wameshatoka na marungu, wanataka kujua mwizi ameelekea wapi.

Kwa hiyo andaa jibu kabla ya kufunga kamba za viatu. Ukisema "najifurahisha tu," utaombewa. Ukisema "najiandaa na marathoni," utaulizwa zawadi ni shilingi ngapi, na ukieleza kwamba wewe ndiye unayelipa ili uruhusiwe kukimbia, mazungumzo yatakwisha kwa huruma. Jibu moja tu halina mpinzani: "Daktari ameniagiza." Hapo hata mzee wa baraza atakupisha njia. Litumie hata kama hujaonana na daktari tangu ulipopimwa afya ya kuajiriwa.

Hatua ya pili: Nunua viatu vinavyokuzidi uwezo

Asiye na pumzi lazima awe na viatu. Kama huwezi kuagiza Arusha, subiri mnada wa Karatu, tarehe 7 ya mwezi, uzame kwenye lundo la mitumba. Muuzaji atakikunja kiatu mpaka kidole kibusu kisigino, kana kwamba utakitia mfukoni, kisha ataapa kwamba mwenyewe huko Ulaya alikikimbilia mara moja tu. Mwamini. Na wewe ndivyo utakavyokifanya.

Siku ya kuvizindua viatu, jiandae kupitwa na mchungaji wa Kimasai aliyevaa katambuga. Hatakuwa anakimbia. Atakuwa anatembea, fimbo mabegani, anaongea na simu, na bado mgongo wake utazidi kuwa mdogo mbele yako. Kiatu chake kimekatwa kwenye tairi ambalo, kabla halijawa kiatu, lilishakwenda Arusha na kurudi mara nyingi kuliko utakavyokwenda wewe mpaka ustaafu. Chako kina hewa ndani ya kisigino. Chake kina uzoefu.

Hatua ya tatu: Chagua saa ambayo hakuna atakayekuona (haipo)

Saa kumi alfajiri fisi bado yuko zamu, na si vizuri kumwonyesha mnyama yule kitu kinene kinachokwenda polepole. Saa tatu asubuhi jua limeshaketi juu ya mawe, na mawe ya huku yakipata moto hayasahau mpaka usiku. Inabaki saa kumi na mbili hadi saa moja, nayo ni saa ya wanafunzi.

Mtoto wa darasa la pili alinifikia kwenye mwinuko. Sare, kandambili, ufagio kwapani, dumu la lita tano mkononi. Akapunguza mwendo kwa heshima.

"Shikamoo mwalimu."

"Ma... ra... haba."

"Mwalimu, umechelewa?"

"Sijachelewa."

Akafikiri kidogo. "Basi nimechelewa mimi," akasema, akanipita. Kandambili zilikuwa zinapiga visigino vyake pa, pa, pa, maji yanacheza ndani ya dumu, na halikumwagika hata tone.

Usimwonee wivu. Hata wewe ulikuwa hivyo. Kila aliyesoma shule ya msingi nchi hii alikimbia mchakamchaka, alfajiri na baridi, wengi bila viatu, kwa nyimbo, na kiranja mwenye fimbo nyuma. Hakuna aliyeuita burudani. Wajanja tulijificha chooni mpaka kengele ya mstarini. Leo watu hao hao tunalipa kiingilio tukakimbie Kilimanjaro Marathon pale Moshi, mashindano yaliyoanza mwaka 2003, na tukirudi tunavaa fulana yake mpaka inakuwa kitambaa cha kufutia pikipiki. Kilichobadilika ni kwamba kiranja sasa tunamlipa.

Hatua ya nne: Chora njia yako, kisha uulize njia ni ya nani

Mjini njia ni ya anayepita. Huku kuna mifereji. Ni ya tangu enzi za mababu, na maji yake yana wenyewe: baraza la wazee wanaoitwa Wenamiji ndilo lenye kauli juu ya nani anyweshe na lini. Mvua za huku si za kutegemewa, kwa hiyo zamu ya maji ni kama mshahara, ikikupita imekupita. Wewe unayeruka ruka na kukanyaga ukingo ukabomoka umemkata mtu mshahara. Ruka mfereji mzima mzima. Kama kitambi kinakataa kuruka, vua viatu uvuke kama watu wazima.

Siku hizi kuna lami, kilomita 49, kutoka Waso hadi Sale, na mkimbiaji mgeni huitamani kama mtoto anavyotamani soda. Nenda ukaione, lakini usihamie. Lami haina kivuli. Na dereva aliyetokea Mto wa Mbu, aliyetikiswa kutwa nzima kwenye makorongo na vumbi, akiipata hana muda wa kutazama kama aliye pembeni ni mtu au kichaka.

Halafu kuna mizinga. Wabatemi ni warina asali, na mizinga yao hutundikwa kwenye miti ambayo wewe umeichagua kwa ajili ya kunyooshea viungo. Muda wangu bora wa kilomita moja, ambao sijaukaribia tena wala sitaki, niliuweka baada ya kuegemea mgunga mmoja na kuanza kuvuta paja. Watu wote mashambani waliinua vichwa. Na kwa mara ya kwanza tangu nihamie, hakuna aliyeniuliza nakimbia nini.

Hatua ya tano: Punguza mwendo kwa ajili ya salamu

Vitabu vya mazoezi vinasema mkimbiaji azingatie pumzi. Waandishi wake hawajawahi kukimbia mahali penye wazee. Ndani ya kilomita tano utakutana na shikamoo zisizopungua kumi na tano. Shikamoo haitupwi ukiwa unapita. Kumpita mzee mbio huku ukimrushia neno begani ni kama kumtupia mfupa. Unasimama. Unasema shikamoo, unapokea marahaba. Kisha habari za nyumbani, za watoto, za mvua, za ng'ombe, za yule ndugu yako aliyekuja mwaka juzi. Kichomi kinakukata ubavuni, lakini uso wako lazima uonyeshe kwamba habari ya ng'ombe ndiyo iliyokutoa nyumbani.

Mwanzoni nilikasirika. Nilikuwa naibonyeza saa yangu isimame kila ninaposalimia, mpaka mzee mmoja akauliza kama nina miadi mahali. Baadaye nikagundua kwamba makocha wakubwa duniani huwaagiza wanariadha wao kitu hicho hicho: kimbia kwa kasi, simama uvute pumzi, kimbia tena, simama tena. Huko watu hulipia. Digodigo unapewa bure na wazee wa watu, tena kwa baraka.

Hatua ya sita: Jifanye ndugu wa mashujaa

Ukiishi kona hii ya nchi na ukawa na raba, una haki ya kuwataja majirani. Anza na Filbert Bayi, mzaliwa wa Karatu. Tarehe 2 Februari 1974, kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola kule Christchurch, New Zealand, aliongoza mita 1,500 tangu mlio wa bastola mpaka utepe, akaweka rekodi ya dunia ya dakika 3 na sekunde 32.2. John Walker aliyemfukuza mpaka mwisho naye aliivunja rekodi ya zamani, na bado akawa wa pili. Funzo ambalo wakimbiaji wa burudani tumelichukua hapo ni kuanza kwa kasi. Kipande cha pili, kile cha kumaliza kwa kasi, bado tunakisoma.

Kisha John Stephen Akhwari wa Mbulu. Huyu ndiye mlinzi wetu sisi wa mwisho. Mexico, mwaka 1968, alianguka katikati ya marathoni, goti likaumia, akafungwa bandeji, akaendelea. Aliingia uwanjani zaidi ya saa moja baada ya mshindi, Mamo Wolde wa Ethiopia, akiwa wa 57, wa mwisho kati ya waliomaliza. Kila mtu anayekuja nyuma kwenye mbio za hisani humtaja Akhwari. Mimi nilimtaja mara mbili kabla ya kufika kituo cha maji.

Kuna jambo hatulisemi. Mwaka 1970, kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola ya Edinburgh, Akhwari huyo huyo alikimbia marathoni kwa saa 2 na dakika 15, akawa wa tano. Alikuwa mkimbiaji wa kutisha aliyepata ajali. Mimi sina ajali yoyote. Goti langu ni zima. Kilichonifanya niwe wa mwisho ni chapati nne na mchuzi wa mbuzi. Mtaje Akhwari kwa adabu, basi, na uwe umechubuka angalau kidogo.

Kama bado unataka moto wa kukutoa kitandani, chukua Tokyo, Septemba 2025: Alphonce Simbu na Mjerumani Amanal Petros waliandikiwa muda mmoja, saa 2, dakika 9 na sekunde 48, baada ya kilomita 42, na dhahabu ya dunia ikaja Tanzania kwa tofauti ya sekunde 0.03. Wiki hiyo hata mimi nilikimbia siku nne mfululizo. Ya tano ilikuwa Jumamosi, na Jumamosi ni Jumamosi.

Hatua ya saba: Tangaza

Mbio zisizowekwa stetasi hazikukimbiwa. Bahati mbaya, mtandao wa simu huku una tabia za mbuzi, unapenda vilimani. Kwa hiyo baada ya kukimbia kilomita nne utapanda kilima kingine nusu saa, simu juu kama mwenge, ili watu wa Dar es Salaam wajue kwamba umekimbia kilomita nne. Programu ya simu itachora njia yako kwa mstari mwekundu, na mstari huo utaonyesha wazi mahali uliposimama dakika kumi na nane. Usijibu maswali. Hapo ndipo penye mama wa chapati.

Ukiona watu hawakupongezi, kumbuka Engaresero. Ni wilaya hii hii, chini ya Oldoinyo Lengai, karibu na Ziwa Natron. Kwenye tope la majivu ya volkano lililogeuka jiwe zimehifadhika nyayo za binadamu zaidi ya 400, za maelfu ya miaka iliyopita. Watafiti waliozipima hatua walikuta wengine walikuwa wanatembea kwa kundi, na wengine wakienda mbio za pole, mbio kama zangu. Hakuna aliyevaa saa. Hakuna aliyesema ilikuwa kilomita ngapi. Na watu wanatoka Marekani kuja kuziinamia. Wewe piga picha ya raba zako ukipenda, lakini ujue ushindani wa wilaya hii ulikoanzia.

Hatua ya nane: Ishi na uvivu

Siku itafika. Kwangu ilikuwa Jumatano ya wiki ya sita. Kulinyesha usiku, blanketi lilikuwa na joto, na presha ilikuwa imeshuka kiasi cha kunipa kiburi. Nikalala.

Si kwamba huku dawa hazikuwahi kuwepo: jirani yetu ni Samunge. Mwaka 2011 nchi nzima, na nchi jirani, zilimiminika huko kwa Mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile, Babu, aliyekuwa akitoa kikombe cha dawa ya mizizi kwa shilingi 500. Foleni ya magari ilihesabiwa kwa kilomita. Watu walilala humo siku kadhaa, juani na vumbini, kwa ajili ya kikombe kimoja, na presha ilikuwa miongoni mwa walivyovileta. Sina neno na imani ya mtu. Ninachowaza kila ninapopita njia ile ni kwamba katika maradhi yote yaliyotajwa, sikumbuki kusikia aliyekuja kutibiwa uvivu. Pengine tulijua kikombe chake ni kingine.

Nililala Jumatano, nikalala na Alhamisi. Makala za motisha zilikuwamo kwenye simu, sikuzifungua. Picha ya Simbu ilikuwa ukutani, nikaigeukia mgongo. Ijumaa nikatoka, si kwa ushujaa, nilikuwa nimeishiwa majani ya chai. Nikaona basi nivae raba kabisa.

Bibi wa mfereji alikuwa mahali pake. Aliponiona hakusubiri shikamoo.

"Juzi hukupita. Na jana hukupita."

"Shikamoo bibi. Ilinyesha."

"Marahaba. Ilinyesha kwako tu? Mimi nilikuwa hapa hapa." Akang'oa jani moja la gugu, akalitupa. "Mimi nikikuona unashuka pale kwenye mgunga, najua saa yangu ya maji imekaribia, namwambia mjukuu akalete jembe. Juzi nimekaa nakungoja, maji yakaja mjukuu hayupo."

Nikamwambia Wenamiji hawapangi zamu kwa kunitazama mimi. Akacheka mpaka akashika kiuno. Akasema Wenamiji wanapanga vyao, yeye anapanga vyake, na saa ya ukutani iliyonunuliwa na mwanawe imekwisha betri tangu Pasaka.

Tangu siku hiyo sijakosa asubuhi zaidi ya mbili, na zote mbili nilituma mtoto wa jirani akamwambie. Kitambi bado kipo. Muda wangu wa kilomita tano ni aibu ya ukoo, na shikamoo zimeongezeka. Lakini hakuna tena anayeniuliza nakimbia nini. Wakiulizwa na wageni, watu wa mashambani hujibu wao: "Huyo anawahi maji ya bibi."

Kwa hiyo, wewe unayetaka kuanza, raba utanunua baadaye. Tafuta kwanza mtu mmoja njiani atakayekuuliza jana ulikuwa wapi. Kama huna, azima wangu. Kesho napita saa kumi na mbili na robo. Simama pale kwenye mfereji, umsalimie bibi vizuri, wala usiseme unajifurahisha. Ana jembe la pili.